Nilificha namba ya dadu ili nahodha asife

Barua ya msomaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa Minneapolis. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Naomba univumilie, kwa sababu jambo langu linahusu mchezo, na nikilieleza harakaharaka linaonekana la kitoto. Kwangu si la kitoto. Limeninyima usingizi wa mchana, na anayefanya kazi usiku hana usingizi mwingine.

Mwenzangu mmoja kazini alinifundisha mchezo wa Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua: watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anashika mhusika wake. Msimulizi anaeleza walipo na kinachowakabili, wao wanasema wanafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama watafaulu, dadu inarushwa. Dadu yenyewe ina pande 20. Ukitaka kuruka kutoka jahazi moja hadi jingine unarusha, unaongeza namba ya ustadi wako, na ukifikia kiwango alichoweka msimulizi, umeruka. Hakuna pesa. Mama aliponiuliza kwa simu kama ni kamari nilimwambia hapana, ni hadithi kama zile za bibi, ila wasikilizaji nao wamo ndani.

Miaka miwili iliyopita, baridi ilipotufungia ndani, nilianzisha meza ya Kiswahili. Tuko watano: mimi, mtoto wa mama mdogo, dada mmoja wa Mombasa, mwanafunzi kutoka Kisumu, na kaka wa Lubumbashi ambaye ni fundi wa magari. Tunacheza Jumapili moja na kupumzika moja. Nimewabunia mji wa pwani wenye maghala ya karafuu, majini wa mikokoni na sultani mgonjwa ambaye hakuna anayeruhusiwa kumwona. Ni saa nne ambazo sisi sote tunakuwa kwetu.

Baba yake dada wa Mombasa alifariki miezi michache kabla hatujaanza. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, hakuweza kwenda kuzika. Alipotakiwa abuni mhusika, alibuni nahodha mzee, Nahodha Mbwana, anayekohoa kabla ya kutoa amri na kumwita kila mtu "mwanangu". Hakutuambia, lakini sote tulijua anamtoa nani.

Mwezi wa pili wa mchezo wetu, pweza mkubwa alivamia jahazi lao. Nahodha alikuwa amebakiwa na pointi 12 za uhai kati ya 24. Nilirusha dadu ya pweza nyuma ya kile kikingio cha kadibodi ambacho wasimulizi wengi hukiweka mbele yao. Ikatoka 20, yaani pigo kuu, ambalo dadu za madhara yake hurushwa maradufu. Nikamtazama dada. Alikuwa anacheka, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka vile. Nikasema, "Tatu. Mnyiri umepita juu ya kichwa chako."

Tangu hapo nimefanya hivyo mara nne zaidi. Mezani wanasema Nahodha Mbwana ana baraka. Siku moja dada aliniambia tukiwa wawili kwamba kila nahodha anapopona, anahisi dua za baba yake bado ziko naye.

Mwaka jana mhusika wa kaka wa Lubumbashi, mganga, alikufa. Alibaki peke yake kuuzuia mlango ili wenzake watoroke. Nikarusha dadu ya adui, ikatoka 20, nikaisema 20. Kama hadithi, ilikuwa ndiyo siku yetu bora kuliko zote. Kaka aliikunja karatasi ya mhusika wake, akaitia mfukoni, na wiki mbili baadaye akaja na mhusika mwingine.

Kikao chetu cha mwisho, kaka huyo alizunguka nyuma yangu kuchukua chupa ya chai. Dadu ya adui wa nahodha ilikuwa imelalia 19. Mimi wakati uleule nasema, "Sita." Hakutamka kitu. Wengine walipoondoka alibaki kunioshea vikombe, na akiwa amenipa mgongo akaniuliza, "Ndugu, sasa wangu alikufa juu ya nini?" Kwa Kiswahili chao, juu ya nini ndiyo kwa nini. Sikuwa na jibu. Akasema tukikutana tena, dadu zote zirushwe katikati ya meza, ama yeye haji.

Tumesimama mwezi mmoja kwa ajili ya mitihani ya mwanafunzi wetu. Tukirudi ni vita vya mwisho, na nahodha ndiye yuko mbele. Nikirusha hadharani anaweza kufa machoni pa dada. Nikikataa, nampoteza mtu aliyekuja kunikwamua gari lilipozimika barabarani usiku wa Januari. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwambia dada kwamba baraka zile zilikuwa mkono wangu. Wakati mwingine natamani kuachana na dadu kabisa nisimulie tu, maana dadu haijui kinachofaa kwenye hadithi. Nifanyeje?

Msimulizi, Minneapolis


Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu,

Hujaniletea jambo la kitoto. Umeniletea msiba wa mtu, urafiki wa mtu, na neno lako mwenyewe, vyote vimewekwa juu ya meza moja. Nami si mgeni wa meza hiyo. Wajukuu wa dada yangu walinifundisha mchezo huu, na kila likizo mimi ndiye ninayewasimulia. Kwa hiyo nitakuuliza mambo mengine ambayo shangazi wa kawaida asingeyauliza.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Ulimwona mfiwa akicheka, ukaona namba inayoweza kukizima kicheko hicho, ukaisema nyingine. Ulifanya kwa huruma, na huruma hiyo siidharau hata kidogo. Lakini huruma ile ikawa desturi, desturi ikawa siri, na sasa siri imepata shahidi ambaye ndiye hasa aliyepoteza mhusika wake kwa dadu ileile uliyokuwa unamkinga nayo mwingine. Ndivyo?

Hujaanzisha wewe jambo hili. Mchezo huu una mizizi hapohapo ulipo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dave Arneson aliwasimulia marafiki zake wa Minneapolis na St. Paul visa vya Blackmoor, nchi aliyoibuni mwenyewe, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakautoa mchezo wenyewe. Wasimulizi wamekuwa wakibishana juu ya namba zinazofichwa tangu zamani. Hata mwongozo wa msimulizi wa toleo la 2014 unasema kwamba kurusha nyuma ya kikingio kunakupa nafasi ya kubadilisha matokeo. Ila hapohapo unaonya usifanye mara kwa mara, na usijulikane, kwa sababu wachezaji wanaweza kudhani hakuna hatari ya kweli, au kwamba una upendeleo. Lile neno la mwisho ndilo lililomfika kaka yako wa Lubumbashi akiwa na chupa ya chai mkononi.

Sasa turudi kwa yule pweza, maana nimemfikiria kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Ulipoiona ile 20, ulikaa ukahesabu, au uliogopa tu?

Nimehesabu mimi. Katika kitabu, mnyiri wa pweza mkubwa hufanya madhara ya dadu mbili za pande sita na 3 juu yake. Pigo kuu linazifanya dadu nne. Kwa wastani inakuja 17, na hata zote zikiangukia sita haipiti 27. Nahodha alikuwa na 12. Angeanguka, hilo ni karibu hakika. Lakini ili afe papo hapo, madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yalitakiwa yalingane na uhai wake wote, yaani 24. Pigo lilitakiwa lifike 36. Lisingefika, mwanangu. Pigo lile halikuwa na uwezo wa kumuua.

Angelala sitahani hana fahamu, mnyiri umemkaba. Kila zamu yake ingefika angerusha dadu: kuanzia 10 kwenda juu amevuta pumzi, chini ya hapo amezama kidogo, pumzi tatu anatulia, kuzama mara tatu ndiyo kifo. Akiachwa bila msaada wowote, karibu mara sita katika kumi hupona. Na asingeachwa. Mdogo wako angerukia mnyiri ule. Mwanafunzi wa Kisumu angetafuta kamba. Na yule mganga, ambaye wakati huo alikuwa hai, angepiga magoti kando ya mzee anayekohoa na kumwekea mikono kifuani. Dada ambaye hakuweza kuwa karibu na baba yake angeona watu watatu wakihangaika kumwokoa mzee huyu. Sisemi lazima ingekuwa hivyo. Nasema ulipotamka "tatu" uliogopa kifo ambacho hakikuwapo, na ukaukunja ukurasa huo kabla mtu hajausoma.

Ndiyo maana nataka nikuulize kuhusu ile sentensi yako, kwamba dadu haijui kinachofaa kwenye hadithi. Ni kweli haijui. Haikuwekwa pale ijue. Kazi ya dadu ni kukuzuia wewe msimulizi usiwe mtu pekee mezani anayejua kitakachotokea. Maana ya namba unaitoa wewe. Chukua nahodha mwenye ustadi wa 5 anayejaribu jambo la kiwango cha 15: anahitaji 10 au zaidi, yaani atafaulu mara 11 katika 20. Mara tisa zilizobaki, ukisema tu "umeshindwa", utakuwa umemfanya mzee wa bahari aonekane hajui kamba wala tanga. Ukisema "umelipitisha jahazi kwenye mwamba, lakini tanga limechanika na walinzi wa forodha wameusikia mlio", hajashindwa kama mjinga, na hadithi imepata mahali pa kwenda. Ipo michezo iliyolijenga jambo hili ndani ya hesabu yake. Apocalypse World, wa mwaka 2010, hutumia dadu mbili za kawaida: 10 na zaidi umepata, 6 na chini msimulizi anakuletea balaa, na kati ya 7 na 9 umepata kwa gharama. Mwenye nyongeza ya 1 huangukia hapo katikati mara 16 katika 36, kuliko upande wowote mwingine. Huhitaji kubadilisha mchezo wenu ili uazime tabia hiyo. Ni swali moja tu kabla ya kurusha: ikitoka mbaya, nitasema nini, na je, ninaweza kukisema? Kama huwezi, basi bado hujafika wakati wa kurusha.

Umemwambia mama yako kwamba hizi ni hadithi za bibi. Nadhani uko sahihi kuliko ulivyokusudia. Bibi akianza, watoto huitikia nini? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaitwa kwa jina, na wanaouita ni wasikilizaji. Majini wako wa mikokoni wameitwa na wote, sultani wako ameitwa na wote. Ile "tatu" haikuitwa na mtu. Labda ndiyo sababu majini hawakunyimi usingizi na ile namba inakunyima.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, ila nitakuonyesha ninakoona mashimo.

Kukaa kimya na kuendelea ni vigumu kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa siri sasa mmeibeba wawili. Kaka wa watu hakuomba kuwa mshirika wako. Kila mtu atakaposema "nahodha ana baraka", yeye atatazama kikombe chake. Sioni meza ikidumu hivyo, lakini wewe unamjua kuliko mimi.

Unaweza kukubali sharti lake, dadu zirushwe hadharani, bila kueleza yaliyopita. Ni njia ya haraka na ina heshima yake. Hatari ni kwamba dada atakiona kikingio kimeondoka ghafla siku ya vita vya mwisho, na nahodha akianguka atauliza kilichobadilika. Utamjibu nini wakati dadu bado inazunguka?

Kuhusu kumwambia ukweli, una dhana mbili ambazo ningekuomba uzishike mkononi kidogo uzitazame. Ya kwanza ni kwamba hataweza kustahimili. Huyu ni mwanamke aliyefiwa akiwa ng'ambo ya bahari, akakosa kuzika, kisha akamchukua mzee wake na kumpandisha jahazini katikati ya pweza na majini. Hakumfungia nyumbani. Ya pili ni kwamba baraka zitafutika akijua ulikuwa mkono wako. Huenda akaumia, na ana haki. Huenda pia akasikia kwamba mtu wa Tanga, ambaye si ndugu yake wa damu, alishindwa kumtazama akimpoteza mzee huyo mara ya pili. Sijui atasikia lipi. Ninachokusihi, ukiamua kumwambia, asilisikie mbele ya wote, wala kwenye kundi la WhatsApp. Mfuate mwenyewe, mapema, akiwa na siku kadhaa za kukasirika kabla ya kurudi mezani. Wala usianze kwa kumweleza jinsi ulivyomhurumia, kwa sababu hapo atalazimika kukufariji wewe.

Kuna jambo jingine ambalo mnaweza kulifanya wote watano, hata mkirusha hadharani: kukubaliana kabla ya vita kwamba nani anaweza kufa. Meza nyingi hufanya hivyo. Mchezaji anasema, "Wangu anaweza kufa," au, "Wangu akianguka, achukuliwe mateka, apoteze jahazi, apoteze jicho, lakini asife bila idhini yangu." Hapo dadu inakuwa ya kweli kabisa na hakuna anayenyang'anywa asichokubali kukitoa. Dada ndiye angeamua juu ya nahodha, wala si wewe nyuma ya kadibodi. Na usishangae akisema anaweza kufa. Shimo la njia hii ni kaka wa Lubumbashi: mganga wake hakupewa swali hilo. Makubaliano mapya yanaweza kumwuma kuliko dadu.

Kuacha dadu kabisa nako kupo, na si kwa kusimulia tu. Upo mchezo wa kutisha uitwao Dread, wa mwaka 2005, ambao badala ya dadu una mnara wa vijiti. Ukitaka kufanya jambo gumu unachomoa kijiti. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka hadithini. Mnara wenyewe ni Jenga, uliotolewa mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili, na jina ni lile unalolijua. Nimeucheza mara moja na wajukuu, mikono ikanitetemeka. Hakuna cha kuficha pale, kila jicho linaona mnara unavyoyumba. Lakini hauna huruma zaidi ya dadu, na ukienda kwake ili kukwepa mazungumzo, mazungumzo yatakusubiri mlangoni.

Nimalizie na swali lililoulizwa jikoni kwako, juu ya nini. Uliandika kwamba hukuwa na jibu. Mimi naona unalo, angalau nusu yake. Ile 20 ya mganga ilikuwa ya kweli, na kaka sasa hana namna ya kulijua hilo isipokuwa kwa mdomo wako, mdomo uleule uliosema "sita". Nadhani hakuuliza kwa sababu mganga alikufa. Kifo kile alikichagua aliposimama mlangoni, akakikunja kwa heshima akakitia mfukoni. Anauliza kama kilikuwa na uzito, au kama wewe uliona tu kwamba wake anaweza kwenda. Na hilo ulijiulize kwanza wewe mwenyewe kabla hujamjibu: siku ile, ulipotazama 20, wazo la kuibadilisha lilikupitia? Kama halikupitia, kwa nini? Huenda jibu ni kwamba ulimwona ni mtu mwenye nguvu. Huenda si hivyo. Mwambie lililo kweli, hata likiwa dogo na halikupambi.

Jambo moja la mwisho, ambalo sikuliona mpaka niliposoma barua mara ya tatu. Umeniandikia jina la Nahodha Mbwana, na jinsi anavyokohoa, na anavyowaita watu. Mganga aliyezuia mlango hukunitajia jina lake hata mara moja. Alikuwa nalo, na yule kaka bado ana karatasi yake. Ukikaa naye, anza kwa kulitaja.

Shangazi